Kitwitwi Aende na Nani?

Hapo zamani, wanangu, watu wa milimani walikuwa na desturi moja ambayo sisi tumeiacha. Wakimaliza kuvuna na kuweka chakula ghalani, walifunga milango kwa kamba, wakajitwika vyungu na mikeka, wakawaita mbwa wao, wakashuka Ziwa Nyasa kupiga kambi. Mwezi mzima walikaa ufukweni. Wanaume walivua usipa, wale dagaa wadogo wa kwetu. Wanawake waliwakausha juu ya vichanja vya matete. Na mbwa, ah, mbwa ndio waliofanya kazi kuliko wote! Walifukuza mwewe. Walifukuza kenge. Walibwekea kiboko akikaribia. Kambi isiyo na mbwa ilikula ugali mtupu, maana samaki wote waliishia kwa ndege. Kwa hiyo mgeni alipofika na mbwa wake, mbwa alisalimiwa kwanza, mwenyewe baadaye.

Watu hawa walitoka vijiji vilivyo mbali mbali, na wachache walivuka kutoka ng'ambo ya ziwa. Wengine walijuana hapo kambini tu, na kambi ikivunjwa hawakuonana tena mpaka mwaka mwingine.

Mkuu wa kambi alikuwa mwanamke, Mama Sekela. Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Sekela wa miaka mitatu, na sauti ya mama huyo akiwaita watu kula ilisikika mpaka kwenye mitumbwi. Kazi yake ilikuwa kulinda ua. Kambi yote ilizungushiwa ua wa miiba, na ua ule ulikuwa na sharti moja kubwa: mnyama mwenye kidonda kibichi hakai ndani. Sharti hilo halikutungwa kwa roho mbaya. Mwaka mmoja walilipuuza, na chui akafuata harufu ya damu, akaingia, akaua mbuzi wawili na nusura achukue mtoto mchanga. Tangu siku hiyo mnyama akijeruhiwa, mwenyewe humpaka majivu ya jiko kwenye paji la uso, humwambia mara tatu, "Nimekuaga," kisha humpeleka nje kwenye mawe. Na mtu yeyote atakayemgusa tena huko nje akishaachwa, naye hukaa nje mpaka kidonda kifunge, kwa sababu harufu hushika kwenye nguo.

Sasa, katika kambi hiyo alikuwepo Mzee Gwakisa na mbwa wake jike, Kitwitwi. Alimpa jina la yule ndege mdogo anayekimbia kimbia kando ya maji, kwa sababu hata yeye hakuweza kutulia. Mama yake Kitwitwi alikufa watoto wakiwa hawajafumbua macho. Watoto wanne walikufa, akabaki huyu. Mzee Gwakisa alimweka ndani ya koti lake, kifuani, akawa anachovya pembe ya kitambaa kwenye maziwa ya mbuzi na kumnyonyesha tone kwa tone. Majirani walimcheka.

"Mzee, siku hizi unanyonyesha?"

"Nanyonyesha. Kama wewe unayo maziwa, njoo unipokee."

Mbwa akakua. Macho ya mzee nayo yakaanza kufifia, akabaki kuona mwanga na kivuli tu. Kitwitwi akajifunza mwenyewe, hakufundishwa na mtu, kutembea hatua mbili mbele ya bwana wake na kusimama penye jiwe. Mzee alimfunga kamba shingoni, akawa anapita njia za milimani kama mtu mwenye macho yake yote. Mke alishakufa, mtoto hana, ana Kitwitwi.

Huyo ni wa kwanza. Mkumbukeni.

Siku moja, jua likiwa utosini, wanawake walikuwa wanaosha vikapu majini. Sekela alichukua mwanasesere wake wa gunzi la mahindi akaenda kumwogesha pembeni, pale penye matete. Kitwitwi aliyaona maji yakisogea bila upepo. Akabweka. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu Kitwitwi alibwekea kila kitu, hata mawingu. Akabweka tena, kisha akaacha kubweka akakimbia. Alimpiga mtoto kumbo, mtoto akarushwa mchangani, na ile taya ya mamba iliyokuwa inamjia mtoto ikafunga kwenye paja la mbwa.

Makelele yaliyopigwa siku hiyo! Kila mtu alikimbilia juu, na Mama Sekela akamnyakua mwanawe. Mzee Gwakisa peke yake ndiye aliyekuwa anakwenda kule majini, mikono mbele, akiuliza, "Kitwitwi? Mnaona nini? Jamani, niambieni, mnaona nini?"

Karibu na pale alikuwepo kijana, Lwitiko, kwenye mtumbwi wake. Tangu kambi ianze Lwitiko alikuwa hajapata kitu. Wenzake walikuwa wameshamtania mpaka wamechoka. Siku hiyo, wanangu, siku hiyo hiyo, wavu wake ulikuwa umejaa kwa mara ya kwanza, umejaa mpaka mtumbwi unainama. Wavu wenyewe aliusuka kwa mkono, miezi saba. Alipoona mbwa anavutwa chini, hakuuliza ni mbwa wa nani. Aliiachia kamba ya wavu. Wavu ukazama na mawe yake na samaki wake wote. Akapiga kafi, akafika, akaruka. Akamrukia mamba mgongoni na kumtia vidole gumba machoni, akakandamiza. Mamba alipofumbua taya, mbwa akatoka. Lakini mamba alitupa kichwa upande, na vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Lwitiko vikabaki mdomoni mwake.

Kijana alitoka majini amembeba mbwa begani. Akamwambia mzee, "Babu, huyu hapa. Mshike taratibu."

Huyo ni wa pili. Mkumbukeni.

Mbwa akalazwa mchangani. Paja lilikuwa wazi, mfupa unaonekana. Mama Sekela akaja, mtoto amemfunga mgongoni kwa nguvu kama anaogopa atadondoka. Alikuwa analia. Mtoto wake alikuwa hai kwa ajili ya mbwa huyu, na yeye ndiye mwenye kulinda ua.

"Mzee wangu," akasema, "sijui nianzeje."

"Usianze, mwanangu," Mzee Gwakisa akasema. "Ndani ya ua mna watoto wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Basi. Tukimwachia wangu leo, kesho tutamkatalia nani? Nileteeni majivu."

Lwitiko, mkono umefungwa kitambaa kilicholowa damu, akajaribu kuwachekesha. "Na mimi je, Mama Sekela? Kidonda changu ni kibichi kuliko cha mbwa. Nipakeni majivu basi, mnitoe nje."

"Nyamaza wewe," Mama Sekela akamwambia huku akifuta machozi. "Wewe chui akikula ataumwa tumbo."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mzee akapapasa paji la uso la Kitwitwi, akampaka majivu. "Nimekuaga," akasema. "Nimekuaga." Ya tatu haikusikika, lakini midomo ilisogea. Akambeba mwenyewe mpaka kwenye mawe, akarudi akishika ua kwa mkono ili asipotee. Alijua, na kila mtu alijua, kwamba mbwa hatafika jioni. Tangu kambi zianze, hakuna mnyama aliyewahi kutolewa nje akapona.

Sasa sikilizeni. Kambini alikuwepo pia msichana aitwaye Subilaga, amekuja na shangazi yake kukausha usipa. Subilaga aliogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani. Alipokuwa na miaka sita aliumwa na mbwa, na kovu la mguuni lilikuwa refu kama kijiti cha kukorogea uji. Kambi nzima ilimjua kwa woga huo. Lakini kibanda chake kilikuwa kando ya ua, upande wa mawe, na alasiri ile alimsikia Kitwitwi akilia. Mbwa hakubweka hata mara moja. Alilia kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Subilaga akasimama, akachukua chungu cha maji, chumvi, na khanga yake nzuri.

"Unakwenda wapi?" shangazi akauliza.

"Nje."

"Nje wapi? Subilaga! Si ni wewe uliyepanda juu ya kichanja juzi mbwa alipopiga chafya?"

"Ni mimi, shangazi."

"Ukimgusa hutarudi ndani! Na usipa wako, nani atawageuza?"

"Wageuzwe na upepo."

Akatoka. Alikaa mbali kwanza. Kisha akasogea. Kisha akasogea tena. Alipomwaga maji ya chumvi kwenye kidonda, Kitwitwi aligeuka akaonyesha meno, na Subilaga akafumba macho yake akasema, "Niume kama unataka, lakini niache nimalize." Hakuumwa. Akachana khanga, akafunga paja.

Siku kumi na tisa alikaa kwenye mawe. Alijenga kijibanda cha matete na kuwasha moto wa kufukuza fisi. Alichemsha majani ya mpera akaosha kidonda asubuhi na jioni. Alimpa uji wa ulezi kwa kiganja. Funza walipoingia aliwatoa mmoja mmoja kwa mwiba, akitapika, akifuta mdomo, akiendelea. Na kila asubuhi alikuta penye tundu la ua samaki wa kuchoma, amefungwa vizuri kwenye jani. Hakujua ni nani anayemweka, akadhani ni watoto. Usipa wake kule ndani walioza wote.

Siku ya tisa Kitwitwi alimlamba mkono. Subilaga aliganda kama mti, kisha akaanza kulia, kisha akacheka. Siku ya kumi na tano mbwa alisimama. Siku ya kumi na tisa kidonda kilifunga, wakaingia ndani ya ua pamoja, mbwa akichechemea, msichana akiwa mchafu kama mkaa, na watu wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka majini.

Huyo ni wa tatu. Sasa mnawajua wote.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuvunja kambi. Vibanda vikabomolewa, mikeka ikakunjwa. Mzee Gwakisa akaja na kamba yake mkononi. Lwitiko akaja na mtumbwi wake, ameuegesha tayari. Subilaga akaja na mzigo wake kichwani. Wote watatu wakaita kwa pamoja, "Kitwitwi, twende."

Watu wakaacha mizigo yao wakawazunguka. Mama Sekela akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema, "Haya. Semeni mmoja mmoja. Mzee aanze."

Mzee Gwakisa akasema, "Mimi nilimlea ndani ya koti. Mnasema nilimuaga. Ndiyo, nilimuaga, kwa ajili ya watoto wenu, na sijutii. Lakini kuaga si kuacha kupenda. Yule samaki wa kwenye jani alikuwa chakula changu. Kila asubuhi nilihesabu nguzo za ua kwa mkono, nguzo thelathini na moja, mpaka kwenye lile tundu. Leo nikirudi mlimani bila yeye, nitakaa mlangoni nikisubiri mtu anishike mkono. Sina wa kunishika."

Subilaga akageuka akamtazama. "Kumbe alikuwa wako, babu?"

"Wangu, mwanangu. Alikuwa ameiva?"

"Alikuwa ameungua kidogo."

"Sioni moto vizuri," mzee akasema, na watu wakainamisha vichwa.

Lwitiko akasema, "Mimi sina maneno mengi. Mbwa alikuwa mdomoni mwa mamba. Kitu kilichomo mdomoni mwa mamba ni cha nani? Si cha mtu tena. Nisingeruka, kusingekuwa na majivu, wala majani ya mpera, wala kesi hii. Mama yangu ananisubiri ng'ambo kule. Ataniuliza, mwanangu, umepata nini mwezi mzima? Wavu sina. Samaki sina. Vidole navyo nimevipunguza. Nataka angalau nimwonyeshe huyu, nimwambie, mama, nimepata huyu."

Subilaga akasema kwa sauti ndogo, "Nyinyi mlimpenda akiwa mzima. Mimi nilimpenda akiwa ananuka. Babu alimlea ili aishi, na Lwitiko alimtoa ili aishi, lakini alipofika kwenye mawe alikuwa anakufa, na pale tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Na kuna jambo jingine. Tangu nina miaka sita natembea nikitetemeka. Tangu nimeishi naye sitetemeki. Naogopa akiondoka woga wangu utarudi."

Mama Sekela akawauliza wazee wa kambi, "Sharti linasemaje mnyama akipona?" Wakatazamana. Sharti halikusema lolote, kwa sababu hakuna aliyewahi kupona.

"Basi achague mwenyewe," mtu mmoja akasema. Wengi wakakubali. Mbwa akawekwa katikati. Mzee akaelekea njia ya mlimani, Lwitiko akaelekea mtumbwini, Subilaga akaelekea njia ya kando ya ziwa, na kila mmoja akaanza kuita.

Kitwitwi akamkimbilia mzee, akamshika pindo la koti kwa meno, akamvuta nyuma. Akamwacha. Akamkimbilia Lwitiko, akamshika suruali, akamvuta. Akamwacha. Akamkimbilia Subilaga, akamshika khanga, akamvuta. Alikuwa hachagui, wanangu. Alikuwa anajaribu kuwarudisha wote pamoja. Akienda kwa huyu, yule amesogea. Akimrudia yule, huyu amesogea. Alikimbia hivyo, akichechemea, ulimi nje, mpaka mguu ukamshinda akaanguka, na paja likaanza kutoka damu.

"Acheni!" Mama Sekela akapiga kelele. "Acheni, mnamuua!"

Wote watatu wakakimbilia alipoanguka, wakapiga magoti kumzunguka. Hakuna aliyeita tena.

Mzee Gwakisa akapapasa kidonda kwa vidole vyake. Akasema, "Mpeni Subilaga. Anajua kutibu, mimi sioni hata damu. Bora nikae mlangoni peke yangu akiwa hai."

Subilaga akatikisa kichwa. "Hapana. Mpeni Lwitiko. Ana mtumbwi, atambeba alale chini mpaka nyumbani. Mimi nina mwendo wa siku mbili kwa miguu. Woga nitauzoea."

Lwitiko naye akasema, "Nimpeleke ng'ambo, akalie kwa nani? Hawajui watu wa kule. Mpeni mzee. Mwendo wa asubuhi moja tu, naye ana koti la kumbebea. Mama yangu nitamwambia ukweli, kwamba sikupata kitu."

Kwanza walikuwa wanagombania, sasa wanapeana. Na Mama Sekela akaona kwamba kesi imekuwa ngumu kuliko mwanzo.

Mtu akasema, "Wampeleke kwa zamu." Lakini paja lilikuwa limefumuka, mbwa hawezi safari tatu. Mtu akasema, "Abaki na Mama Sekela." Mama Sekela akakataa. "Mimi nimeshapata changu," akasema, akamgusa mtoto mgongoni. Mtu akasema, "Wahamie kijiji kimoja." Lakini mlimani kuna kaburi la mke wa mzee, ng'ambo kuna mama wa Lwitiko, na Subilaga ana watu wake wanaomngoja. Na kidonda kilikuwa kibichi tena. Ua ulikuwa bado umesimama na watoto kumi na wanne wangelala ndani usiku ule wa mwisho, kwa hiyo ilikuwa lazima mbwa aondoke kabla jua halijashuka.

Mama Sekela alisimama. Mkono wa kulia alishika kamba aliyoipokea kwa mzee. Mbele yake Kitwitwi alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la Subilaga, mguu wa mbele juu ya mkono wa Lwitiko wenye vidole vitatu, macho yakimtazama mzee. Mama Sekela aliitazama ile kamba. Akawageukia watu wa kambi, na swali alilowauliza wao ndilo ninalowauliza nyinyi mlioketi hapa, na msiniambie "wote", kwa maana mbwa ni mmoja, njia ni tatu, na jua linashuka.

Mmoja alimpa maisha akiwa hajafumbua macho. Mmoja alimtoa kwenye meno akaacha vidole vyake humo. Mmoja alimfuata pale ambapo hakuna mtu mwingine aliyetaka kukaa.

Je, kamba hii apewe nani?